Kabla Hujanunua Kadi ya Sauti, Zijue Kwanza Hedifoni Zako

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini, kompyuta sasa imeshika mahali palipokuwa pa ile redio ya mbao. Mbele yake mtoto wa sekondari husikiliza somo la fizikia, baba husikiliza taarifa ya habari na nyimbo za dansi, na mama anayelipwa kwa kunakili mazungumzo ya mikutano huketi hapo hapo hadi usiku wa manane. Kwa vile nyumba zenyewe aghalabu ni za vyumba viwili au vitatu, na ukuta wa jirani hauko mbali, mambo hayo yote yasingewezekana kwa amani pasipo hedifoni. Hizo ndizo zinazomwezesha mmoja asikilize na wengine walale.

Walakini si mara zote mambo huenda sawa. Pengine sauti hutoka hafifu, pengine ina mvumo kama wa nyuki mzingani, na pengine kila kipanya kinaposogezwa husikika mkwaruzo masikioni. Mwenye kompyuta huongeza sauti mpaka ifike mwisho, masikio yakaanza kumwuma, na hapo ndipo anapoambiwa na jamaa zake kwamba hana budi kununua kadi ya sauti. Akifika dukani huwekewa mezani maboksi matatu. La kwanza bei yake ni sawa na chakula cha mchana cha siku mbili, la pili ni sawa na ujira wa wiki nzima, na la tatu linapita kodi ya nyumba ya mwezi. Yote matatu yamejaa maandishi ya kujisifu.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia ndugu msomaji achague baina ya maboksi hayo. Lakini kabla ya hapo liko swali jingine ambalo muuzaji hana sababu ya kuliuliza, nalo ni hili: je, kuna haja ya kununua boksi lolote?

KAZI YA CHOMBO CHENYEWE

Ndani ya kompyuta muziki si sauti, bali ni hesabu. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ya muziki hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa kuchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Hesabu hizo haziwezi kusukuma hedifoni. Lazima kwanza ziingie katika kigeuzi, ambacho huzifanya kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha umeme huo mdogo uingie katika kikuza sauti, ambacho huupa nguvu ya kutikisa utando mwembamba uliomo ndani ya hedifoni. Kadi ya sauti, iwe ya kuchomeka ndani au kisanduku cha kuweka mezani, haina siri kubwa kuliko hiyo. Ni kigeuzi na kikuza sauti vilivyokaa pamoja.

Sasa, kila kompyuta yenye tundu la hedifoni tayari inavyo vitu hivyo viwili. Zamani haikuwa hivyo. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na spika moja ndogo iliyoweza kulia tu kama filimbi. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilianza kuuza kadi ya muziki, na mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni iliyoasisiwa na Sim Wong Hoo mwaka 1981, ikatoa kadi yake ya Sound Blaster. Kadi hiyo ilienea mno, hata kwa miaka mingi watu wakawa wanaita kadi yoyote ya sauti kwa jina hilo. Wakati ule asiye na kadi hakuwa na muziki.

Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni iliyoitwa AC'97, na mwaka 2004 ikatoa nyingine bora zaidi, ya High Definition Audio. Kwa kanuni hizo kigeuzi kiliwekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kompyuta kwa gharama ndogo. Tangu hapo kadi ya sauti imeacha kuwa kitu cha lazima, ikawa dawa ya maradhi fulani fulani. Na dawa, kama tunavyojua sote, hainunuliwi kabla ya kuujua ugonjwa.

MAJARIBIO YASIYO NA GHARAMA

Azima hedifoni nyingine kwa ndugu au jirani, uzijaribu katika kompyuta yako. Halafu zichukue zako uzijaribu katika simu au redio. Ikiwa kasoro inazifuata hedifoni kila ziendako, basi kompyuta haina hatia, na kadi ya bei yoyote haitasaidia kitu. Mara nyingi waya huwa umekatika kwa ndani, karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku. Sikio moja likisikia na jingine likawa kimya, au sauti ikaja na kupotea unapougusa waya, shaka yako iwe hapo.

Ikiwa tatizo ni mvumo, na kompyuta yako ni mpakato, chomoa chaja huku ukiendelea kusikiliza. Mvumo ukikoma papo hapo, umetokana na chaja au na njia ya umeme kuelekea ardhini. Hili ni jambo la kuangaliwa kwa makini katika nyumba zetu, kwa sababu watu wengi huondoa plagi ya miguu mitatu wakatumia ya miguu miwili, au huchomeka vitu vitano katika waya mmoja wa kuongezea ambao ndani yake hauna waya wa ardhi. Jaribu soketi nyingine, na ikiwezekana mwite fundi umeme aukague waya wa ardhi. Kamwe usikate ule mguu wa tatu wa plagi kwa kutaka kuondoa mvumo, ijapokuwa yuko atakayekushauri hivyo. Mguu ule upo ili umeme ukivuja upite kwake, usipite kwako.

Kama kelele zinaendelea hata kompyuta inapotumia betri, na hasa kama zinabadilika unaposogeza kipanya au kompyuta inapofanya kazi nzito, basi zinatoka ndani ya bodi yenyewe. Kigeuzi kimekaa jirani na saketi zinazowaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde, na uchafu wa umeme wake unakifikia. Huu ni ugonjwa ambao chombo cha nje huutibu vizuri, kwa vile kigeuzi kinatolewa nje ya sanduku hilo lenye fujo na kuwekwa mahali pake penyewe.

Mwenye kompyuta kubwa ya mezani ana jaribio moja zaidi, nalo limewaokolea watu wengi fedha zao. Tundu la hedifoni lililo mbele ya sanduku kwa kawaida limeunganishwa na bodi kwa waya mrefu mwembamba unaopita katikati ya vyuma na feni, ukiokota kelele njiani. Zungusha sanduku utazame nyuma. Kuna matundu yenye rangi: la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine, na la kijani ndilo la kutolea sauti. Rangi hizo zilikubaliwa na watengenezaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na bado zinafuatwa na wengi. Chomeka hedifoni kwenye lile la kijani. Ikiwa kelele zimekwisha, ulichohitaji ni waya wa kurefushia tu.

Neno moja kuhusu nyimbo za kujaribia. Wapo wanaosikiliza rekodi za NUTA Jazz, ile bendi iliyoundwa mwaka 1964 na kuchukua jina la chama cha wafanyakazi, au za Morogoro Jazz, kisha wakalalamika kwamba kompyuta ina mchakacho. Nyimbo hizo zilirekodiwa katika kanda za sumaku, na kanda ina mchakacho wake wa asili ambao hauondoki kwa kununua chombo kipya. Kadhalika, nyingi zilirekodiwa kwa njia moja, hivyo masikio yote mawili husikia kitu kile kile. Hiyo si kasoro ya hedifoni. Nyimbo hizo ni nzuri sana kwa kuburudika, lakini kwa kupimia chombo tafuta rekodi mpya iliyo safi.

NGUVU YA KUSUKUMA

Tuseme majaribio yamekwisha, kelele hakuna, ila sauti ni hafifu. Hapa inafaa msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwenye boksi la hedifoni huandikwa mambo mawili. La kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. La pili ni wepesi wa kuitikia, yaani desibeli ngapi za sauti hupatikana kwa kila miliwati moja ya umeme. Hedifoni nyingi za simu zina omu 16 au 32. Zile za studio huweza kuwa na omu nyingi zaidi: Sennheiser HD 600 ina 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa kwa aina kadhaa, zikiwamo za omu 80 na 250.

Tuichukue hiyo ya omu 250. Mtengenezaji anasema hutoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Ili kuipa miliwati moja, tundu la kompyuta halina budi kutoa nusu volti. Ukitaka desibeli 10 zaidi, nguvu inayohitajika ni mara kumi, na volti zinapanda hadi kama 1.6. Ukitaka desibeli 10 nyingine juu ya hizo, unahitaji volti 5, ambazo kompyuta mpakato ya kawaida haiwezi kuzitoa katika tundu lake.

Je, unazihitaji? Chombo kidogo cha kutoa volti moja tu huifikisha hedifoni hiyo kwenye desibeli 102. Mtu anayesikiliza kwa kiasi, kwa wastani wa desibeli 75 hivi, hubakiwa na nafasi ya desibeli 27 kwa ajili ya mapigo ya ngoma na tarumbeta yanayoruka juu ya wastani. Hiyo ni nafasi ya kutosha kwa rekodi nyingi. Atakayepungukiwa ni yule anayesikiliza rekodi zilizonaswa kwa sauti ya chini sana, mathalani hotuba iliyorekodiwa mbali na maikrofoni. Mama wa kunakili mikutano anaweza kuwa mmoja wao.

Sasa chukua hedifoni ya omu 32 yenye wepesi ule ule. Kwa volti hiyo hiyo moja, itafika kama desibeli 111. Huo ni ukali wa kuumiza. Kwa hiyo mwenye hedifoni za kawaida za simu anayenunua kikuza sauti chenye nguvu ananunua uwezo ambao hatautumia kamwe pasipo kujidhuru. Kama kwake sauti ni hafifu, atazame kwanza mipangilio ya kompyuta. Kuna kipimo cha sauti cha kompyuta nzima na kingine cha kila programu, na mara nyingi kimojawapo kimesahauliwa chini.

Liko jambo jingine ambalo maboksi hulificha. Tundu lenyewe la kutolea sauti lina ukinzani wake wa ndani, na unapokuwa mkubwa huharibu uwiano wa sauti, kwa sababu ukinzani wa hedifoni haulingani kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba. Ni kama nyumba yenye bomba jembamba la kuingizia maji: mmoja akifungua koki ya bafuni, wa jikoni hupungukiwa. Mafundi hufuata kanuni ya moja ya nane, yaani ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, tundu lisizidi omu 4. Kisanduku kizuri cha kisasa kina omu moja au chini yake, na mtengenezaji mwaminifu huiandika hesabu hiyo. Akiiacha, hata kama ameandika mambo mengine ishirini, mimi humtilia shaka.

MABOKSI YENYEWE

Kwa kompyuta mpakato, chombo cha kwanza cha kufikiriwa ni kile kidogo kabisa, kinachofanana na waya mfupi wenye plagi ya USB upande mmoja na tundu la hedifoni upande mwingine. Apple, baada ya kuliondoa tundu la hedifoni katika iPhone 7 mwaka 2016, ilitoa baadaye waya wa namna hii wa USB-C kwa bei ya dola 9. Wapimaji walishangaa kuona jinsi kigeuzi kilichofichwa ndani ya plagi hiyo kilivyo safi. Ile ya soko la Marekani hutoa volti moja. Ile ya soko la Ulaya hutoa takriban nusu yake, kwa sababu ya kanuni za huko za kulinda masikio. Kwa hedifoni za omu 16 hadi 80 chombo cha aina hii kinamtosha mtu wa kawaida, na watengenezaji wengine wanavyo vya kufanana nacho.

Vile vya plastiki vya bei ya chini kabisa, vyenye matundu mawili, la kijani na la waridi, vinafaa kwa mazungumzo na masomo. Ubora wake hutofautiana, hata baina ya viwili vilivyo katika boksi la sura moja. Baadhi yake vimeandikwa "7.1" kwa herufi kubwa, kana kwamba mnunuzi atapata spika nane. Hedifoni ya kawaida ina spika mbili, moja kwa kila sikio, na maandishi hayo ni ujanja wa programu tu. Usiyalipie hata senti.

Kadi ya kuchomeka ndani inamfaa mwenye kompyuta ya mezani yenye nafasi wazi kwenye bodi. Katika mpakato haiingii. Kwa maoni yangu, kwa msikilizaji wa hedifoni kadi ya namna hii siku hizi haina faida iliyo kubwa kuliko kisanduku cha nje, ambacho kinaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kutumiwa na nyumba nzima.

Kisanduku cha mezani chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha ndicho cha mwenye hedifoni za omu 250 au 300. Aghalabu kina tundu nene la milimita 6.35, ambalo ukubwa wake umerithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19, enzi ambapo mpiga simu aliunganishwa na mwenziwe kwa mkono wa karani. Hedifoni zenye plagi nyembamba ya milimita 3.5 huhitaji kiunganishi kidogo, ambacho bei yake ni ndogo. Pamoja na nguvu, fadhila kubwa ya kisanduku hiki ni hicho kitufe chake: mtu anaweza kupunguza sauti kwa mkono mara moja, pasipo kutafuta alama kwenye kioo.

Wale wanaorekodi kwaya, vipindi au masomo wana haja tofauti. Wao watazame vyombo vya kurekodia, kama Focusrite Scarlett au Behringer U-Phoria, ambavyo hupokea maikrofoni ya studio na kuipa umeme wa volti 48 pale inapouhitaji. Vina tundu la hedifoni pia, na mwenye kimoja hahitaji kununua kadi nyingine, ingawa katika vile vya bei nafuu nguvu ya tundu hilo si kubwa kwa hedifoni za omu 250. Hapa kitu cha maana ni ucheleweshaji. Mwimbaji akisikia sauti yake katika hedifoni ikimfuata nyuma, hataweza kuimba. Kwa hiyo hakikisha chombo kina namna ya kumsikilizisha maikrofoni moja kwa moja kabla haijapita katika kompyuta.

Na aliye na hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth? Huyo asinunue kadi kabisa. Kigeuzi na kikuza sauti vyake vimo ndani ya hedifoni zenyewe, na kompyuta humpelekea hesabu tu kwa njia ya mawimbi ya redio. Kadi ya fedha nyingi haitabadilisha lolote katika asikiacho.

Msomaji atakutana pia na maandishi ya "biti 24" na "kilohezi 192". Biti 16 za CD tayari hutoa tofauti ya desibeli 96 baina ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na katika chumba chenye feni na magari ya barabarani tofauti hiyo haisikiki yote. Kuhusu kilohezi, sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, na sikio la mtu mzima huishia chini ya hapo. Claude Shannon alithibitisha mwaka 1949 kwamba mawimbi yakipimwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu kilichomo, hakuna kinachopotea. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinafika hezi 22,050. Hesabu kubwa zaidi zina manufaa kwa mwenye studio anayechanganya sauti nyingi. Kwa msikilizaji si sababu ya kuongeza bei.

La maana kuliko hayo ni kuuliza kama chombo kinafanya kazi bila kuwekewa programu yake. Vyombo vya USB vinavyofuata kanuni ya kawaida ya sauti hutambuliwa na kompyuta mara tu vinapochomekwa. Kwa vile vya kanuni ya pili, Windows ilianza kuvitambua yenyewe mwaka 2017, kwa hiyo mwenye kompyuta iliyo na Windows ya zamani kuliko hapo awe mwangalifu. Chombo kinachotegemea programu ya mtengenezaji huweza kugeuka takataka siku kompyuta inapobadilishwa na mtengenezaji akawa hashughuliki nacho tena.

MASIKIO YA WATOTO

Tumezungumza juu ya nguvu kana kwamba ni neema tupu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupunguza usikivu wao kwa kusikiliza sauti kubwa. Pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lilitoa mwaka 2018 kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo.

Saa 40 zaonekana nyingi. Lakini kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 zinabaki saa 20, kwa 86 saa 10, kwa 89 saa 5. Ukifika 101, mtu mzima ana dakika 19 tu kwa wiki nzima. Na tumeona hapo juu kwamba hedifoni ya omu 32 iliyochomekwa kwenye tundu la volti moja inaweza kupita hapo pasipo taabu yoyote.

Ndani ya sikio mna chembe zenye nywele ndogo sana, kama 16,000 hivi tangu kuzaliwa, ambazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna maumivu ya kumtahadharisha mtu siku zinapokufa. Dalili huja baadaye: mtoto huanza kulalamika kwamba masikio yanalia usiku, huomba kurudiwa maneno, na darasani huonekana mzembe kumbe haisikii herufi "s" wala "f" mwalimu asemapo. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali apimwe usikivu, na hedifoni ziwekwe kando kwanza.

Sababu kubwa ya kuongeza sauti huwa si upungufu wa nguvu za kompyuta, bali ni kelele za nje: redio ya jirani, mashine ya kusaga, barabara. Hedifoni zilizo wazi pembeni, au zile ndogo zisizoziba vizuri, huruhusu kelele hizo ziingie, na msikilizaji hushindana nazo. Hedifoni zilizofungwa, zinazolifunika sikio lote kwa mto laini, huzuia sehemu kubwa yake, na mtu hujikuta akisikiliza kwa sauti ndogo kwa raha zaidi. Kwa familia yenye fedha za kitu kimoja tu, ningeziweka fedha hizo katika hedifoni za namna hiyo kabla ya kadi yoyote. Tofauti baina ya hedifoni mbaya na nzuri husikika na kila mtu. Tofauti baina ya kigeuzi kizuri na kilicho kizuri zaidi hata wataalamu huwa hawaitambui wakifumbwa macho.

Na ikiwa chombo chenye kitufe kimenunuliwa kwa ajili ya mama au baba, kabla mtoto hajakaa mbele yake kitufe kirudishwe chini. Kitufe kilichopandishwa kwa ajili ya hotuba hafifu ya mkutano kitaupiga muziki wa mtoto kwa ukali wa kutisha. Watengenezaji wengine huweka swichi ya nguvu ndogo na nguvu kubwa. Nyumbani kwenye watoto ikae kwenye ndogo.

MBELE YA MUUZAJI

Nenda dukani na hedifoni zako, na kama unayo mpakato nenda nayo. Chomeka chombo, usipige muziki wowote, kisha ongeza sauti taratibu hadi juu ukisikiliza ukimya wake. Ukisikia mchakacho mkubwa au mvumo, kirudishe. Halafu shusha sauti hadi chini kabisa kabla ya kuanza muziki, na upandishe polepole. Sikiliza kama sikio la kushoto na la kulia yanalingana kitufe kinapokuwa chini, kwa kuwa vitufe vya bei nafuu hupendelea upande mmoja. Sogeza kipanya, fungua programu nzito, uone kama kelele zinaingia.

Tazama pia plagi. Plagi ya hedifoni za simu zenye maikrofoni ina pete tatu nyeusi. Ile isiyo na maikrofoni ina pete mbili. Chombo chenye matundu mawili tofauti hakitaisikia maikrofoni ya plagi yenye pete tatu, na mnunuzi hudhani ameuziwa kibovu. Dawa yake ni waya mdogo wa kugawanya, wenye tundu moja na plagi mbili, unaopatikana kwa bei ndogo. Uliza uwekewe katika boksi hilo hilo, na stakabadhi iandikwe aina ya chombo pamoja na siku ambazo kinaweza kurudishwa.

Mwenye hedifoni nzuri ambazo waya wake umekatika azipeleke kwa fundi wa redio kabla ya kufikiria mpya. Kukata sehemu iliyooza na kuunga plagi nyingine ni kazi ya muda mfupi, na katika hedifoni nyingi za studio waya mzima hubadilishwa.